Talmudi ikae na Agano la Kale? Na kipi katika vitabu vya Kiyahudi kiitwe "kazi takatifu"?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkutubi msaidizi katika chuo cha theolojia. Mchungaji mmoja mstaafu ametuachia masanduku matatu ya vitabu vya Kiyahudi, vya Kiebrania na Kiingereza: Tanakh moja (Biblia ya Kiebrania), juzuu sita za Talmudi, Mishna, Haggada mbili, kitabu cha sala, Mishneh Torah, Shulhan Arukh na Zohar. Mkuu wangu anasema vyote viende namba ya rafu 221 pamoja na Agano la Kale, kwa kuwa ni maandiko matakatifu ya Wayahudi. Mwenzangu anasema Biblia peke yake ndiyo takatifu, vingine ni maoni ya marabi, viende 296 na visiitwe vitakatifu popote. Mimi nimekwama kwenye uga wa aina ya kazi katika programu yetu: 'kazi takatifu' niandike kwa kipi, na kwa kipi nisiandike? Naogopa kuvunjia watu heshima, na naogopa pia kukosea kanuni."

Marahaba. Pole kwa kazi, na umefanya vizuri kusimama kwanza. Masanduku ya namna hii nimeyaona yakimalizwa mchana mmoja: kila kitabu 296, muhuri, lebo, rafuni. Mwaka wa tatu mwanafunzi anakuja kutafuta Mishna, katalogi inamwambia haipo, na kumbe ipo hatua kumi kutoka alipoketi.

Ninavyokusoma, rafu haikusumbui sana. Kinachokusumbua ni neno "takatifu": ukiliandika unajiona umetoa hukumu ya dini, usipoliandika unajiona umemdharau Myahudi. Mkuu wako na mwenzako kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila wanajibu maswali tofauti wakidhani ni moja. Katalogi inakiuliza kila kitabu mambo matatu: kiingie kwa jina gani, kikae rafu ipi, na ni kitu cha namna gani. Jibu la moja halikupi la jingine. Kitabu kinaweza kuwa andiko takatifu na kikakaa 296, na jirani yake wa kushoto asiwe andiko takatifu hata kidogo.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo neno hilo lilipoingilia ukutubi. Kanuni za kuorodhesha vitabu, yaani AACR2 ya mwaka 1978 tuliyoisomea wengi wetu, na RDA iliyokuja kushika nafasi yake kuanzia 2010, zina maelekezo maalumu ya maandiko matakatifu. Ukiyasoma utaona hayakuulizi kama kitabu kimetoka kwa Mungu. Yanauliza kama kuna jumuiya ya dini inayokipokea kuwa andiko lake takatifu. Ikiwa ipo, kwa kawaida kitabu hakitafutiwi mwandishi, kinaingia kwa jina lake chenyewe. Sababu ni ya kikazi tu. Chukua Mwanzo. Ukimweka Musa kuwa mwandishi, maprofesa watakuandama. Ukiandika kwamba mwandishi hajulikani, wachungaji watakuandama. Na huku kitabu chenyewe kimechapwa kwa mamia ya lugha, kila jalada na jina lake. Jina moja lisilobadilika linayakusanya machapisho yote mahali pamoja, nawe hujaingia kwenye ugomvi wa nani kaandika.

Sasa, katika maelekezo hayo hayo Mishna na Talmudi zimetajwa kwa majina, bega kwa bega na Biblia, Kurani na Veda. Kwa hiyo mwenzako akisema Biblia peke yake, anabishana na kanuni, habishani na wewe. Mkutubi Mkristo anayeorodhesha Veda hadaiwi kuiamini. Anaripoti kwamba Wahindu wanaipokea hivyo, basi.

Hata hivyo nimtetee kidogo, kwa sababu Talmudi haisomeki kama Isaya. Toa juzuu moja sandukuni uifungue upande wa kulia, kama unavyofungua Msahafu. Katikati ya ukurasa kuna safu ya maandishi manene: Mishna kwanza, kisha Gemara inayoijadili. Upande wa ndani, karibu na mshono, kuna maelezo ya Rashi, yaani Rabi Shlomo Yitzhaki wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki 1105. Upande wa nje kuna Tosafot, wanazuoni waliomfuata Rashi, baadhi yao wajukuu zake mwenyewe, na mara nyingi wanambishia babu. Marabi wanatajwa majina, mmoja anasema hivi, mwingine anamkatalia, na pengine mjadala unaachwa bila mshindi. Mtu aliyelelewa na Biblia akiona ukurasa huo ni rahisi kusema "haya ni maoni ya watu".

Lakini Uyahudi wa kirabi unafundisha kwamba Musa alipewa Torati mbili Sinai: moja ya maandishi, nyingine ya mdomo. Ile ya mdomo ilipokezanwa mwalimu kwa mwanafunzi hadi Rabi Yehuda Hanasi alipokusanya Mishna huko Galilaya mnamo mwaka 200, ikiwa na sehemu kuu 6 na masekhet 63, yaani vitabu vidogo vya mada moja moja. Mijadala juu ya Mishna ndiyo iliyozaa Talmudi mbili, ya Yerusalemu na ile ndefu zaidi ya Babeli. Kwa hiyo kule kubishana kwenyewe kunahesabiwa kuwa sehemu ya Torati. Wapo Wayahudi wasiokubali, Wakaraiti, ambao wanashika Tanakh pekee. Kanuni hazijali hilo, kwa sababu hazidai dini nzima ikubaliane. Zinadai kundi linaloipokea, na hapa kundi lenyewe ni Wayahudi karibu wote.

Mkuu wako naye ana haki yake. Mwulize Myahudi mshika dini, atakwambia rafu yake yote nyumbani ni ya sifrei kodesh, vitabu vitakatifu, na atahesabu humo Shulhan Arukh, kitabu cha sala, hata maelezo ya Rashi. Kikidondoka anakiokota na kukibusu. Kikichakaa hakitupwi wala hakichomwi: kinawekwa kwenye geniza, chumba au shimo la vitabu vilivyomaliza kazi, kisha kinazikwa. Geniza ya sinagogi la Ben Ezra huko Kairo ilikaa hivyo kwa karne nyingi, hadi Solomon Schechter alipopeleka Cambridge mnamo 1897 vipande vinavyohesabiwa leo kuwa zaidi ya 190,000. Humo mlikuwa na Biblia, mashairi, talaka, na barua za wafanyabiashara waliokuwa wakivuka Bahari ya Hindi. Ukiwa umekulia mwambao, desturi hii huhitaji kufundishwa. Umeona Msahafu uliochakaa unavyotunzwa.

Hapo ndipo maneno mawili yanapogongana. "Kitakatifu" cha Myahudi mezani kwake ni heshima anayopewa kitabu. "Kazi takatifu" ya katalogi ni aina ya kazi: andiko ambalo dini imelipokea kuwa msingi, ambalo vitabu vingine vinaandikwa kulieleza. Heshima wape vyote vya sandukuni, hakuna kanuni inayokukataza. Lile neno la uga liwekee mpaka, la sivyo halitamsaidia mtafutaji: ukilibandika kwa vitabu vyote vya 296, ni sawa na kutolibandika popote.

Tupite kitabu kwa kitabu. Tanakh haina utata: ni kazi takatifu, na inaingia kama Biblia. Kinachosumbua ni jina "Agano la Kale", kwa kuwa asiye na jipya hana sababu ya kuita lake la kale. Walimwengu wa katalogi wamelisikia hilo nusu nusu. Zamani kila kitabu kiliandikwa kupitia agano lake, "Biblia. Agano la Kale. Mwanzo". Maktaba ya Bunge la Marekani ilipohamia RDA mwaka 2013 hatua ya katikati iliondolewa, ikawa "Biblia. Mwanzo", na Mwanzo ikaacha kulazimishwa kuwa ya upande mmoja. Kwa juzuu nzima bado kichwa rasmi ni "Biblia. Agano la Kale". Ufuate, ili rekodi zako zizungumze na za wengine, halafu weka rejeleo kutoka "Tanakh". Na mtu asikuambie kurasa zimechanganyikana: Tanakh inahesabu vitabu 24 pale Waprotestanti wanapohesabu 39, maneno ni yale yale, ila Samweli ni kimoja, Manabii Wadogo wote 12 ni kimoja, na wa mwisho kabisa ni Mambo ya Nyakati badala ya Malaki.

Marejeleo ya Kiswahili ndiyo yatakayoonyesha kama unawajua wasomaji wako, na hayamo katika rekodi yoyote utakayoipakua kutoka ng'ambo. Mkristo atatafuta "Torati", naye anaweza kumaanisha vitabu vitano vya Musa au sheria kwa ujumla. Mwislamu atatafuta "Taurati". Mwanafunzi aliyetoka darasani atatafuta "Tora" au "Pentateuki". Na kuna mtego: kitabu cha tano kinaitwa Kumbukumbu la Torati, kwa hiyo programu yako itamletea kila anayeandika "Torati" kitabu kimoja cha mwisho badala ya vyote vitano. Tengeneza marejeleo yote manne yaelekee "Biblia. Pentateuki". Ni kazi ya dakika kumi, na sijui kwa nini hatuifanyi.

Talmudi ya Babeli na Mishna nazo ni kazi takatifu, kila moja kwa jina lake. Katika vichwa vya kimataifa "Talmudi" bila nyongeza ni ya Babeli. Ya Yerusalemu hutajwa kwa jina lake kamili, Talmud Yerushalmi. Juzuu sita haziwezekani kuwa Talmudi nzima kwa chapa za kawaida, kwa hiyo angalia kila moja ni masekhet ipi, uandike "Talmudi. Berakhot", "Talmudi. Shabbat", na kadhalika. Usishtuke ukikuta karibu kila masekhet inaanzia karatasi ya 2, wala usiandike kwenye rekodi kwamba ya kwanza imechanika. Ndivyo ilivyo. Namba hizo zinafuata chapa ya Daniel Bomberg, mchapishaji Mkristo wa Venice aliyetoa Talmudi nzima kati ya 1520 na 1523, na ukurasa wa jina unahesabiwa kuwa karatasi ya 1. Ukikuta kijitabu kiitwacho Pirkei Avot, hicho ni sehemu ya Mishna hata kama kimechapwa peke yake kwa picha na maua: "Mishna. Avot".

Haggada na kitabu cha sala, yaani siddur, ni vitabu vya ibada. Haggada husomwa mezani usiku wa Pasaka. Vimejaa maneno ya Tanakh, lakini havikupokewa kuwa andiko. Ni utaratibu wa kuabudu, na jamii mbalimbali za Wayahudi zina matoleo yao. Navyo vinaingia kwa jina, "Haggada", "Siddur", tofauti na misale ya Kikatoliki inayoingia chini ya Kanisa, kwa kuwa Uyahudi hauna kiti kimoja kinachotoa misale. Aina yake iandikwe kuwa kitabu cha ibada au sala, bila "kazi takatifu". Na usichanganye Haggada na Aggada. Ya pili ni jina la visa na mafumbo yaliyomo ndani ya Talmudi.

Mishneh Torah inawanasa wengi kwa jina lake. Si Mishna, wala si Torati. Ni mkusanyo wa sheria ulioandikwa na Musa bin Maimoni, anayejulikana zaidi kama Maimonides, tabibu na mwanazuoni aliyefariki Misri mwaka 1204. Ana jina, ana kaburi, basi kitabu kiingie kwa jina lake. Vivyo hivyo Shulhan Arukh, maana yake meza iliyoandaliwa, ya Yosef Karo wa Safed, iliyochapwa Venice mwaka 1565. Ndiyo inayoongoza maisha ya Myahudi wa Kiorthodoksi kuanzia anavyofunga viatu asubuhi, na bado katika uga wako ni sheria ya Kiyahudi. Uzito wa kitabu katika maisha ya waumini haukigeuzi kuwa andiko.

Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, yaani elimu ya siri ya Kiyahudi, nimeiacha mwisho kwa sababu hapo sina jibu la kukata. Ilijitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Mapokeo yanaihusisha na Rabi Shimon bar Yohai wa karne ya 2. Wasomi wengi wanaona mkono wa Moshe de León. Kwa sababu ya mvutano huo inaingia kwa jina lake, "Zohar", na hilo halina shida. Je, ni kazi takatifu? Kwa Wahasidi, kundi la Wayahudi washika dini, na kwa Wayahudi wengi wa Afrika Kaskazini, ndiyo bila kusita. Kwa wengine ni kitabu cha heshima tu, na wapo walioikataa waziwazi, hasa miongoni mwa Wayahudi wa Yemeni. Ukifuata kipimo cha "kuna kundi linaloipokea", utaandika. Mimi ningeandika. Mkutubi mwingine makini anaweza kukataa na nisimwone mjinga. La muhimu ni uamuzi uandikwe kwenye daftari la maamuzi ya maktaba, pamoja na tarehe, ili atakayekurithi asianze upya.

Kosa moja dogo la kuepuka: uga wa aina, 655 katika MARC (muundo wa rekodi za katalogi za kompyuta), unasema kitabu ni nini. Uga wa somo unasema kinahusu nini. Kitabu cha profesa kinachochambua Talmudi kinapata Talmudi kama somo lake na hakipati "kazi takatifu". Talmudi yenyewe inapata "kazi takatifu" kama aina, na haina haja ya somo "vitabu vitakatifu", kwa sababu haizungumzii vitabu vitakatifu. Inazungumzia sabato, ndoa, fidia ya ng'ombe aliyepiga pembe.

Rafu sasa, nitaipita haraka. Katika Dewey, mfumo wa namba za rafu, Tanakh inakwenda 221, na sehemu zake 222 hadi 224. Mishna 296.123, Talmudi ya Babeli 296.125, Zohar chini ya 296.16, sheria 296.18, sala na Haggada 296.45. Mkuu wako akitaka vyote 221, mweleze kwamba namba hiyo ni ya matini ya Biblia na masomo yake, na Talmudi si maelezo ya Biblia mstari kwa mstari. Malalamiko kwamba mfumo umewapa Wakristo kuanzia 220 hadi 289 na kuwabana Wayahudi kwenye 296 ni ya haki. Melvil Dewey aliuchapa mwaka 1876, na yeye mwenyewe, tusifichane, alikuwa na klabu ya mapumziko huko Lake Placid iliyowafungia Wayahudi mlango. Malalamiko ya 1905 juu ya jambo hilo yalichangia kumtoa kwenye kiti cha mkutubi mkuu wa jimbo la New York. Wayahudi wameurekebisha wenyewe: Gershom Scholem, kabla hajawa gwiji wa Kabala, alikuwa mkutubi Yerusalemu, akapanga upya sehemu ya Uyahudi na kuichapisha 1927. Akina Elazar, ndugu wawili wa Marekani, walitoa mfumo mpya kabisa mwaka 1968 unaoanza na Biblia na kuifuatishia Talmudi papo hapo. Dewey nayo imeacha mlango wa 296.11 kwa maktaba inayotaka Tanakh ikae na ndugu zake. Kwa chuo cha theolojia chenye masanduku matatu nisingegusa mlango huo. Wanafunzi wenu wa Agano la Kale wanahitaji Tanakh pale wanaposoma Isaya.

Kabla hujachukua muhuri, tafuta ukurasa wa jina. Katika kitabu cha Kiebrania uko upande ambao wewe unauita mwisho. Miaka yangu ya mwanzo niligonga mihuri juzuu nzima kinyumenyume, nikabaki nashangaa mchapishaji hakuandika jina la kitabu. Mwaka wa kuchapwa nao utakuwa kwa herufi. Ukiona tav, shin, mem, bet, hesabu 400, 300, 40 na 2, unapata 742; ongeza 1240, unapata 1982. Mwaka wao unaanza Septemba au Oktoba, kwa hiyo andika 1981 au 1982.

Yapo mambo usiyafanye peke yako. Kama husomi Kiebrania, kaa na mwalimu wenu wa lugha hiyo nusu siku mpitie kurasa za jina. Usikisie kwa kufananisha maumbo ya herufi. Ukikuta kitabu kilichochapwa kabla ya 1800, au maandishi ya mkono pembeni mwa kurasa, kiweke kando bila lebo, piga picha, uwaandikie watu wa makusanyo adimu. Maktaba ya Taifa ya Israeli huko Yerusalemu ina rekodi unazoweza kulinganisha nazo. Vitabu vya sala vilivyooza kabisa usivipeleke jalalani: lipo sinagogi Nairobi, na ipo jamii ya Abayudaya karibu na Mbale, Uganda, ambayo Semei Kakungulu aliianzisha mwaka 1919, waulize wangependa vifanyiwe nini.

Na chini ya sanduku la tatu, ukikuta gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, acha kalamu na muhuri mezani. Hiyo huenda ni sefer Torah, gombo la Torati. Haiorodheshwi kabla ya kuonwa na mtu anayejua, haibandikwi chochote, wala haiguswi kwa vidole kwenye maandishi. Ifunike kwa kitambaa safi, uiweke juu mahali pakavu, upige simu kabla hata ya kunijibu mimi. Isipokuwepo, anza na zile juzuu sita: niandikie ni masekhet zipi na zilichapwa wapi.